Kompyuta Isiyojua Kusema Sijui

Kompyuta ikifa betri ya saa haipotezi akili. Inawaka, inafungua mafaili, inajumlisha na kutoa vilevile. Kilichoipotea ni kimoja tu, nacho ni leo. Mimi asubuhi nasomesha watoto Qur'ani hapa Chake Chake na baada ya alasiri nashika bisibisi, kwa hiyo maradhi haya siwezi kuyatazama kwa jicho la fundi peke yake.

Iliyopo mezani kwangu ni ya mzee mmoja wa madrasa, mtumba wa Ulaya, nzito kama nini. Kila ikiwashwa inadai ni tarehe 1 Januari 2009. Orodha ya wanafunzi aliyoiandika juzi imejipanga nyuma ya za miaka iliyopita, na intaneti nayo inamkatalia: vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza, na kwa hesabu ya mashine hiyo bado havijaanza.

"Fundi, kwani hii inasema uongo?"

"Hapana, Maalim. Uongo unataka nia, na hii haina nia."

"Basi ilikuwa imelala."

Nikawakumbuka Watu wa Pangoni, ambao tunawasoma kila Ijumaa katika Suratul Kahf. Walipozinduka waliulizana wamekaa muda gani, wakakisia siku moja au chini yake. Qur'ani inataja miaka 300 na kuongeza 9, na wafasiri wengi wanaona hiyo 9 ni tofauti ya jua na mwezi, kwani miaka 300 ya jua ni kama 309 ya mwezi. Kwa hiyo walikosea, tena vibaya. Lakini hawakuling'ang'ania kisio lao: papo hapo walimwachia Mola wao ujuzi wa jambo hilo, wakamtuma mmoja wao mjini na sarafu ya fedha.

Mashine haina hatua hiyo ya pili. Betri yake ni kidonge cha lithiamu kiitwacho CR2032, upana milimita 20, volti 3. Ndiyo inayoendesha saa ndogo ndani ya mazabodi, yenye kipande cha kwazi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ikiwa imechomekwa, umeme wa ukutani huibeba saa hiyo na betri ikapumzika. Tangu 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipotufikia, Pemba hatutegemei tena majenereta ya Wesha kwa umeme huo. Hata hivyo wenye kuchunga yuniti zao za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, huzima mpaka swichi ya ukutani, na kidonge kikabaki na kazi peke yake usiku kucha. Kikiisha, mashine hurudi kwenye tarehe iliyowekewa kiwandani. Haikwambii kuwa haijui. Inakupa siku, saa na dakika, kwa uhakika uleule ilionao inaposema kweli.

Hilo ndilo linalonitisha, na si kwa kompyuta tu.

Wanafikihi walishalifikiria suala hili la kutojua tarehe. Jioni ya tarehe 29 Shaabani wingu likaziba magharibi, tunakamilisha thelathini. Mbishi atasema thelathini nayo ni namba ya kiwandani, haina tofauti na 1 Januari. Sikubali. Thelathini inajengwa juu ya siku 29 zilizohesabiwa, na watu wote wanajua kwamba mwezi haukuonekana. Hakuna anayejidai kuuona. Hapa kisiwani wako wanaongoja tangazo la Mufti na wako wanaofuata mwezi wa Makka, na ugomvi wao wa kila mwaka unachosha. Ila kila upande ukiulizwa unamfuata shahidi gani, una jibu. Ile mashine ukiiuliza shahidi wake, haina.

Nimechomoa waya wa umeme, nikasukuma kibanio cha pembeni, kidonge cha zamani kikaruka. Kipya nimekitia, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Tarehe nimeichukua kwenye simu, na simu imeichukua kwenye mtandao, nao umeichukua kwa saa za atomiki: isnadi kamili, na kila mpokezi anajulikana.

Nawe ukibadilisha yako, usidhani umemaliza. Betri mpya haiji na tarehe, inaitunza tu ile utakayoiandika, sahihi au si sahihi. Uliza kwanza, kisha uandike.