Ujana Hukumbuka Nini?

Wako wazee huko Marekani wanaozitunza motokaa za ujana wao kama mboni ya jicho: Pontiac GTO ya 1964, yenye injini kubwa na ngurumo ya simba. Hatuwacheki, kupenda kitu kilichoundwa kwa ustadi si dhambi. Lakini wasemapo kwamba siku zile zilikuwa njema kuliko hizi, twauliza: njema kwa nani? Mwaka 1966 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 50,000 nchini mwao. Julai 1967, katika Detroit yenyewe, mji wa viwanda vya motokaa, watu 43 walikufa katika ghasia zilizochochewa na ubaguzi wa rangi. Mzee aisuguaye motokaa yake Jumamosi aweza kuwaombea hao pia, kabla hajawasha injini.