Mgeni na Maji ya Moto: Swali la Ukarimu Leukerbad

Leukerbad ni kijiji cha jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi. Kipo katika bonde la mto Dala, mita 1,411 juu ya usawa wa bahari, chini ya majabali ya Gemmi. Maji ya mvua na ya theluji huzama katika miamba ya milima hiyo, yakapata joto ardhini, kisha yakabubujika kijijini yakiwa na joto linalofikia nyuzi 51 za Selisiasi. Kwa karne nyingi wenyeji wameishi kwa maji hayo, na kwa hiyo wameishi kwa wageni. Hapo ndipo linapozuka swali la kimaadili na la kidini: je, ukarimu unaolipiwa bado ni ukarimu?

Mwanzoni mwa karne ya 16, Matthäus Schiner, askofu wa Sion aliyekuja kuwa kardinali, aliyaendeleza mabafu ya kijiji. Mwaka 1718 maporomoko ya theluji yaliua watu zaidi ya 50 na kubomoa sehemu kubwa ya makazi, lakini wenyeji walijenga upya. Hadi karne ya 19 wagonjwa walikaa majini saa nyingi kwa siku, wanaume kwa wanawake, wamevaa kanzu ndefu, huku kahawa na vitabu vikielea mbele yao juu ya vibao.

Wenyeji walikuwa Wakatoliki, na kwa muumini maji ya namna hiyo ni neema ambayo hakuna aliyeitolea jasho. Injili ya Yohana inasimulia habari za birika la Bethzatha, ambako mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 alilala karibu na maji asipate wa kumtia ndani. Maji yalikuwepo, kilichokosekana ni mtu. Kwa kipimo hicho, anayempokea mgonjwa, kumvua viatu na kumshika mkono ateremke majini anatenda tendo la huruma, hata kama analipwa. Methali ya Waswahili, mgeni njoo mwenyeji apone, haioni aibu kwamba mwenyeji naye hufaidika.

Ugumu huja pale anapofika mgeni asiye mgonjwa wala mteja. Mwandishi Mmarekani mweusi James Baldwin alifika Leukerbad mwaka 1951, akarudi majira ya baridi kuandika katika nyumba ya familia ya rafiki yake. Aliyoyaona aliyaeleza katika insha "Stranger in the Village" ya mwaka 1953. Watoto walimpigia kelele njiani, na wapo waliogusa nywele zake au kushangaa kuona rangi yake haitoki. Katika sherehe za kabla ya Kwaresima, watoto wawili walipakwa rangi nyeusi usoni na kuchangisha fedha za misheni za Afrika. Mwenyeji mmoja alimweleza kwa fahari idadi ya Waafrika ambao kijiji "kilikuwa kimewanunua" kwa michango hiyo.

Baldwin hakudai kwamba walikuwa na nia mbaya, na hapo ndipo uzito wa swali ulipo. Sadaka ilivuka bahari kumtafuta Mwafrika wasiyemjua, ilhali mtu mweusi aliyekuwa mlangoni alibaki kitu cha kutazamwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, alitofautisha chenye bei na chenye utu: chenye bei huweza kubadilishwa na kingine, mwenye utu hana mbadala. Mteja wa bafu ana nauli na malipo yanayohesabika, na roho inayochangiwa kwa mbali nayo inaweza kugeuka hesabu. Jirani hahesabiki.

Kuwahesabu wageni kama mapato kuna hatari yake pia. Kijiji kilikopa kujenga mabafu na miundombinu ya utalii kupita uwezo wake, na mwaka 1998 ilibainika kwamba madeni yake yalizidi faranga milioni 340. Mwaka 2003 mahakama kuu ya Uswisi iliamua kwamba jimbo halikuwajibika kuwalipa wadai.

Malipo, basi, hayabatilishi ukarimu, kwa kuwa mwenye kutoa huduma naye hula. Lakini hayawezi kuuthibitisha. Ukarimu wa jamii yoyote inayoishi kwa wageni unapimwa kwa yule asiyeiletea faida yoyote.