Ajali Haina Kinga?

Tuna msemo mmoja unaopendwa sana mtu anapoumia kazini: ajali haina kinga. Unatuliza moyo, sikatai. Lakini mimi nauliza: unamtuliza nani? Aliyeumia au aliyeajiri?

Hapa Muheza tuna mashamba ya mkonge. Jani lake linaishia kwenye mwiba mgumu, mkali kama sindano. Mkataji huinama kuyafikia majani ya chini, na ncha za mengine zinabaki usawa wa uso wake. Akiteleza kidogo tu, jicho! Kule kwenye korona, mashine inayoponda majani kutoa nyuzi, maji ya mkonge huruka, na yakiingia machoni yanawasha vibaya.

Mwiba huo siyo mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge pwani yetu mwaka 1893. Zaidi ya miaka mia moja tunajua mwiba ulipo na unavyochoma. Sasa jambo linalojulikana miaka yote hiyo, likitokea tena kesho asubuhi, tuliite ajali?

Wapo wasemao, "Wakipewa miwani ya kukinga macho, hawavai." Nilimwuliza mzee mmoja mkataji, jirani yetu. Akacheka.

"Mjukuu wangu, jasho likitoka miwani inaingia ukungu. Nikisimama kuifuta, majani hayakatiki. Na mimi nalipwa kwa nilichokata."

Kumbe! Mtu anaambiwa achague kati ya jicho na unga, halafu tunasema kakataa mwenyewe. Hapo hiari iko wapi?

Sheria zipo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akinge kabla. Ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu malipo baada ya kuumia. Fidia ni haki, tena ya lazima. Ila hakuna pesa inayorudisha jicho likishapasuka. Anayeridhika na kulipa tu ameshaamua kwamba jicho la mwenzake lina bei. Basi na ataje kwanza bei ya lake.

Kwangu mimi, kukinga siyo kugawa miwani na kusainisha watu kwenye daftari. Ni kumpa mtu miwani inayovalika, pamoja na muda wa kuifuta bila kupunguziwa ujira. Dakika hizo chache ndizo kinga yenyewe. Asiyetaka kuzilipia asituambie kwamba ajali haina kinga.