Nani Hukagua Ndani ya Buti?

Juni moja si zamani sana nilikuwa nyumbani Sumbawanga, mwezi ambao upepo wa Ufipa hupenya hata kwenye tundu la kitasa. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na anayedhani Tanzania nzima ni joto aje alale Kizwite usiku mmoja wa Juni kwa shuka moja. Nilikuwa nimejikunyata jikoni, miguu karibu na jiko la mkaa, dada yangu aliponiletea habari kwa namna yake, yaani kwa kuizunguka kwanza. Akauliza kazi. Akauliza Dar. Akauliza bei ya mchele huko. Ndipo akasema, "Mwanao kachaguliwa polisi. Anakwenda CCP."

Kwa hesabu ya kwetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Mimi ni mama yake mdogo. Na CCP ni Moshi, Shule ya Polisi, mahali ambapo vijana wa nchi hii huingia wakiwa makuruta na kutoka wakiwa askari. Nilifurahi, sitadanganya. Binti wa miaka 22, kidato cha sita kamaliza, amekaa nyumbani anasaidia kupalilia maharage na kuuza vocha, leo kapata ajira. Si jambo la kubeza. Kisha dada akamalizia, "Sasa kuna hili suala la mabuti."

Sare angepewa huko. Lakini waliomtangulia walikuwa wamemwambia asitegemee jozi moja, na asithubutu kwenda kwenye kwata na mguu ambao haujawahi kukaa ndani ya buti. Anunue mapema, ayavae, yamzoee naye ayazoee. Aliyetegemewa kununua ni mimi, mwandishi wa habari.

Nikasema sawa. Usiku ule usingizi haukuja, na si kwa sababu ya baridi.

Miaka kadhaa nyuma, katika mji ambao siutaji, nilikwenda kuandika habari ya wachuuzi waliokuwa wakiondolewa kando ya barabara. Niliishia nimekaa sakafuni pamoja na wachuuzi wenyewe, simu yangu iko mkononi mwa askari anayefuta picha moja baada ya nyingine. Hakunipiga. Alinitolea maneno tu, ambayo nikiyaandika hapa mama yangu atasoma. Lakini ukikaa sakafuni huoni nyuso, unaona mabuti. Ya yule bwana yalikuwa yamepigwa kiwi mpaka taa ya darini ilionekana kwenye ncha. Nakumbuka niliwaza jambo la kipuuzi kabisa: huyu leo ameamka saa ngapi kuyang'arisha?

Baadaye niligundua kwamba halikuwa la kipuuzi. Mtu anawezaje kuwa na subira yote ile kwa ngozi ya ng'ombe, kisha akaikosa kwa binadamu aliye mbele yake?

Na sisi waandishi wa Tanzania tuna tarehe yetu. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Huwa nawaza kwamba askari yule naye, siku alipokwenda depo, pengine kuna mtu wa kwao alimfungia begi na kumwombea dua.

Swali langu basi lilikuwa hili: anayenunua buti ana sehemu gani katika hatua zitakazopigwa nalo?

Jibu la kwanza, ambalo ni rahisi, ni kwamba hana. Muuza visu hafungwi kwa kosa la mchinjaji. Lakini Ufipa ni mahali pabaya pa kujificha nyuma ya jibu hilo. Kabla ya majembe ya dukani kufika, hii ilikuwa nchi ya wafua chuma. Matanuri yao ya udongo yalikuwa marefu kuliko mtu, na mabaki yake bado yapo. Chuma kilekile kilitoa jembe, shoka na mkuki. Je, mhunzi alikuwa na hatia mkuki wake ulipomwaga damu isiyostahili? Kwa kawaida, hapana. Lakini kama alijua mteja anakwenda kumvizia jirani, akapokea mbuzi wake na kumkabidhi mkuki bila neno, hakuna ambaye angemwita mtu safi. Sehemu yake inapimwa kwa kile alichokijua na kile alichokiuliza. Nami shida yangu ni kwamba najua. Nimekaa sakafuni.

Jibu la pili, rahisi pia, ni kukataa. Nisinunue, mikono yangu ibaki safi. Lakini binti angekwenda vilevile, kwa mabuti ya mkopo, na mimi ningebaki na usafi usiomsaidia mtu. Isitoshe, mkoa wetu unawahitaji askari kuliko mikoa mingine inavyodhani. Watu husema jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na wageni hucheka. Sisi hatucheki sana, maana katika mkoa huu watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa mapanga kwa sababu ya imani hizo. Usiku kama huo mtu haulizi falsafa ya polisi, anauliza wako wapi. Mwaka ambao jirani yetu alivamiwa, aliyefika ni askari mmoja juu ya pikipiki ya kukodi, masika, mabuti yamejaa tope hadi juu ya kifundo. Alikaa na yule mama mpaka kulipokucha. Hakuna aliyeyakagua mabuti yake.

Basi asubuhi, au tuseme mchana, tukaenda sokoni. Nasema mchana kwa sababu fundi viatu wetu, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alitufukuza saa tatu asubuhi. "Buti halinunuliwi asubuhi, mwanangu. Asubuhi mguu umelala. Rudini jioni ukiwa umevimba, na mje na soksi nzito atakayovaa huko." Alikuwa na hoja. Moshi mjini iko chini, kama nusu ya kimo chetu, na joto lake si la Sumbawanga. Mguu uliozoea baridi ya Ufipa utatanuka kule.

Tulirudi saa kumi. Kwenye rundo la mitumba yalikuwepo mabuti mengi, karibu yote ya kiume. Binti anavaa namba 38. Muuzaji akasema achukue 41, ajaze pamba mbele. Mzee akatikisa kichwa. Buti kubwa linaruhusu kisigino kupanda na kushuka, na kila kikipanda kinasuguliwa. Siku ya kwanza ni wekundu, ya pili malengelenge, ya tatu kuruta anachechemea na afande hataki kusikia habari za namba 38. Kisigino kitulie, vidole viwe na nafasi ya upana wa dole gumba mbele. Tulizunguka hadi tukapata jozi moja ya 39 iliyokuwa nyembamba, Sh 45,000, ikashuka hadi 38,000.

Muuzaji alikuwa ameyapaka kiwi yakawa yanawaka. Mzee hata hakuitazama ile rangi. Alilikunja buti kwenye vidole kuona kama ngozi ina nyufa, akavuta soli ilipokutana na ngozi kuona kama mshono umeachia, kisha akazamisha mkono wote ndani, macho kayafumba, akipapasa. Alipata msumari mdogo uliochomoza kwenye kisigino na bitana iliyojikunja. "Kila mtu anaangalia hapa," akasema, akigonga ncha inayong'aa. "Mguu unakaa huku."

Aligonga ule msumari ukalala, akaibandika bitana kwa gundi, akadai elfu tatu. Nililipa nikiwa nimepata nusu ya jibu langu.

Aristotle, yule Mgiriki, anasema tunakuwa watu wa haki kwa kutenda mambo ya haki, kama mtu anavyokuwa fundi kwa kufanya kazi ya ufundi. Tabia njema ni mazoea. Kwa mtazamo huo gwaride, kiwi na ukaguzi wa alfajiri si upuuzi. Anayejifunza kutunza kitu kidogo kila siku, hata akiwa amechoka, anajifunza kutunza. Na buti lisilotunzwa ni hatari ya kweli, maana askari mwenye malengelenge hawezi kumkimbilia mtu anayeomba msaada huko bondeni kwenye Ziwa Rukwa.

Lakini mazoea yapi? Hapo ndipo nadhani yule askari wa sakafuni alipotea. Mtu anaweza kupiga kiwi miaka ishirini akijifunza jambo moja tu: kumridhisha anayekagua. Afande akiwepo, ncha inawaka. Afande asipokuwepo, na mbele yako yuko mchuuzi asiye na cheo cha kukukagua, mazoea yako hayana la kukuambia. Ni utii, na utii ni mzuri mahali pake, ila haujawa uadilifu. Uadilifu unaanza pale unapotunza sehemu isiyokaguliwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya buti inajulikana na mguu. Afande haingizi mkono ndani.

Nani basi ataingiza? Nilidhani jibu ni sisi, watu wa nyumbani. Nikajiona nimeliweza swali.

Wiki mbili zilizofuata binti alivaa mabuti yale kila siku. Saa moja, kisha mawili, kisha siku nzima, kwenda dukani, kwenda shambani, kupanda kilima kuelekea milima ya Mbizi na kurudi. Jioni nilimfundisha yale niliyofundishwa na mzee. Tope liache likauke kwanza, kisha brashi. Usilianike buti juani wala karibu na jiko, ngozi itapasuka kama mdomo wa Juni. Kiwi kidogo, tabaka jembamba, subiri, rudia. Ukipaka kingi unaziba ngozi tu. Toa kamba, fungua ulimi, acha ndani papate hewa. Na likilowa, lijaze magazeti makavu yanyonye maji, uyabadilishe.

Magazeti tulikuwa nayo. Dada huhifadhi yale yenye jina langu, kwa fahari ya kidada. Jioni moja binti amekaa mkekani anayakunja na kuyashindilia ndani ya buti, nikaona ni wakati mzuri wa kusema nilichokusudia. Nikamwambia habari ya sakafuni, ambayo sikuwahi kumwambia. Nikamwambia nitakuwa namuuliza. Kila likizo, akishavua mabuti mlangoni, nitamuuliza nani alikaa chini mbele yake na yeye alifanya nini.

Alinyamaza kidogo. Akalifungua gazeti alilokuwa amelikunja, akalinyoosha kwenye goti. "Sawa, mama mdogo. Na wewe nani anakukagua?"

Nilitazama ukurasa. Ilikuwa habari yangu ya zamani kuhusu kijana aliyekamatwa kwa wizi wa pikipiki, picha yake, jina lake kamili, kijiji chake. Niliiandika kwa kutumia taarifa niliyopewa, bila kuongea naye wala ndugu zake. Miezi kadhaa baadaye nilisikia aliachiwa, hakukuwa na kesi. Hatukuandika hilo. Mhariri hakuuliza, wasomaji hawakuuliza, nami nilikuwa na habari nyingine. Sentensi zake zilikuwa safi, nakumbuka nilisifiwa. Zilikuwa zimepigwa kiwi vizuri.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia hivyo, kwamba sina la kumjibu.

"Basi na mimi nitakuuliza," akasema, akalikunja tena gazeti na kulisukuma ndani mpaka kwenye vidole.

Aliondoka Jumatatu, basi la alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Moshi. Mabuti alikuwa ameyavaa, maana begi lilijaa. Dada alilia, mimi nikajifanya nashughulika na mizigo.

Bado naamini kwamba aliyenunua buti ana sehemu katika hatua zake, na kwamba sehemu hiyo hailipwi kwa fedha wala kwa kukataa kutoa fedha. Inalipwa kwa kuuliza, mwaka hadi mwaka, hata pale swali linapoudhi. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba anayejipa kazi ya kuuliza anapaswa naye kukaa chini aulizwe. Atakuja likizo. Kabla hajafika nina safari ya kijiji kimoja, kumtafuta kijana ambaye jina lake niliwahi kuliandika lote.