Robo Saa Mbele ya Mungu

Wakristu wengi wakisikia habari ya kutafakari hudhani ni kazi ya mapadri na masista tu. Wengine wajua ya kuwa imetupasa sote, lakini huuliza: «Mtu akitafakari kila siku saa ile ile, hata siku moyo wake ni mkavu, je, si mazoea matupu? Si afadhali angoje mpaka roho iwake?» Swali hili si la mchezo. Tuliangalie vema.

Kwanza, kutafakari ni nini? Katika karne ya 12, Guigo, mtawa wa Chartreuse huko Ufaransa, aliandika juu ya ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kumtazama Mungu kwa utulivu. Watawa wa kale walifananisha kutafakari na kucheua. Mtazame mbuzi jioni: majani aliyokula kwa haraka mchana huyarudisha kinywani, akayatafuna polepole, ndipo yampapo nguvu. Bali sisi twasikia Injili siku ya Mungu, na kabla ya kufika nyumbani tumekwisha kuisahau. Tumekula, hatukucheua.

Pili, je, desturi huiua sala? Aristote, mwenye hekima wa Ugiriki wa kale, alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda ya haki mara nyingi, kama vile mpiga kinanda ajifunzavyo kinanda kwa kukipiga. Mtakatifu Thomas d'Aquin, aliyefariki mwaka 1274, aliyapokea mafundisho hayo. Tena alifundisha kwamba ibada ya kweli ni utayari wa nia kumtumikia Mungu, na kwamba kwa upande wetu utayari huo huzaliwa na kutafakari. Basi, anayengoja moyo uwake ndipo atafakari ni kama mkulima anayengoja mavuno ndipo apande.

Ni kweli, mazoea matupu yapo: midomo yaomba, moyo uko sokoni. Lakini mama apikaye bukari kila siku, je, awapenda watoto siku zile tu anapopika akiimba? La. Siku aliyochoka, naye akapika, labda ndiyo siku apendayo zaidi. Mtakatifu Thérèse wa Avila mwenyewe, kwa miaka mingi, hakuthubutu kuanza sala ya moyoni bila kitabu mkononi. Ukavu si dhambi.

Tatu, tufanyeje? Tuchague saa moja, nayo iwe ya alfajiri, kabla ya kushika jembe au kwenda kazini. Robo saa yatosha. Asiyeiweza aanze na dakika tano. Tusome maneno machache ya Injili. Tujiulize: Bwana aniambia nini mimi leo? Tumwombe neema moja tu. Mwishoni tufuate shauri la Mtakatifu François de Sales, ambaye kitabu chake cha mwaka 1609 kiliwaelekea hata watu wa ndoa na wa kazi: kama mtu atokaye bustanini na maua machache mkononi, tuchukue wazo moja la kutusindikiza mchana kutwa.

Siku hizi wengi huamka wakakamata simu kabla ya kunawa uso. Habari za vita na maneno ya chuki huingia moyoni kwanza, na aingiaye kwanza hujifanya mwenye nyumba. Saa nne jirani akisogeza mpaka wa shamba, moyo huo utajibu nini? Panga, au neno la amani? Jibu la saa nne hutayarishwa alfajiri. Hapo ndipo tutakapojua kama desturi yetu ni hai au imekufa: si kwa utamu tuliouonja, bali kwa ndugu tuliyemvumilia.

Basi, ndugu, tusiahidi makubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze kesho, tena kesho kutwa tuanze upya.