Mtamwitaje Binti Huyu?



Jumanne jioni walinijia ofisini vijana wawili wa ushirika wetu na binti yao wa wiki tano. Mtoto alikuwa kaviringishwa blanketi, na juu yake kitenge cha bibi yake, maana baridi ya Mbeya mwezi huu wa saba si ya kuchezea na kichanga. Mama akaweka kadi ya kliniki mezani. Mahali pa jina, muuguzi alikuwa ameandika "Mtoto wa", akafuatisha jina la mama, basi. Baba akatoa simu yake. "Mchungaji, tunayo majina arobaini na moja," akasema. "Tusaidie kuchagua. Tunataka jina la kiroho, ila liwe la peke yake. Ushirika mzima asiwepo mwingine."

La kwanza kwenye orodha lilikuwa Nevaeh. Akanieleza kwamba ni neno la Kiingereza la mbinguni, likisomwa kinyumenyume. Nikamwambia nalifahamu. Mwaka 2000 mwanamuziki wa Marekani, Sonny Sandoval wa kundi la P.O.D., alimtambulisha kwenye televisheni binti yake mwenye jina hilo, na tangu hapo maelfu ya watoto wa kike kule wameitwa hivyo. Kijana akanyamaza, akalifuta palepale. Nilisikitika, maana sikutaka alifute. Nilichotaka kujua ni kimoja tu: siku binti yake atakapomuuliza kwa nini anaitwa hivyo, angemsimulia nini?

Swali hilo nimetembea nalo wiki nzima, na leo nalileta kwenu.

Hamu ya jina la peke yake siilaumu. Elizabeti alipojifungua, siku ya nane jamaa na majirani walifika, na jina walikuwa nalo tayari: mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa. Wakamkumbusha kwamba katika ukoo wao hakuna mwenye jina la Yohana. Wakamgeukia baba kwa ishara, na kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umefungwa, akaomba kibao, akaandika jina lilelile alilolitaja mkewe (Luka 1:57-63). Kila ninaposoma habari hii namwona yule mama mtu mzima, mwenye kichanga cha siku nane, amewakabili ndugu wote kwa ajili ya neno moja. Lakini jina lenyewe hakulipata kwa kutafuta ambalo majirani hawana. Lililetwa na malaika pamoja na ujumbe. Yohana maana yake Bwana ana neema, na nyumba iliyokaa bila mtoto hadi uzeeni ilikuwa na haki ya kulitamka kwa sauti.

Na neema hiyo, kwa Kiebrania, ndiyo iliyomo katika jina la Hana mama wa Samweli, na la Ana, yule nabii mjane aliyemwona mtoto Yesu hekaluni. Kwa hiyo ninyi akina Neema mliojaa kila ushirika, msione haya kwa kuwa mko wengi. Darasa la kipaimara la mwaka jana lilikuwa na Neema wanne, ikabidi niwaite kwa majina ya baba zao. Kila mmoja wao alikuwa neema ya nyumba yake, na nyumba hizo hazifanani hata mbili.

Wazazi wa binti huwa nawapeleka kwenye sura ya mwisho ya kitabu cha Ayubu. Mwanzoni mwa kitabu Ayubu ana wana saba na binti watatu, na hatuambiwi jina la hata mmoja. Mwishoni anapewa tena wana saba na binti watatu. Safari hii wana hawatajwi majina, binti wanatajwa: Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Wengi huliona jina la Yemima kuwa ni njiwa. Kesia ni gome lenye harufu, ndugu wa mdalasini. Na Keren-hapuki ni pembe ya wanja, ile pembe ambayo wanawake wa zamani walihifadhia wanja wa macho. Kumbukeni anayeyatoa majina hayo ni nani. Ni mtu aliyekaa majivuni akijikuna majipu kwa kigae. Amezika watoto kumi. Angeweza kuwaita hawa watatu kwa majina ya kilio na asingelaumiwa na mtu. Akawaita kwa njiwa, kwa manukato na kwa uzuri wa jicho.

Msomaji, usiishie hapo kwenye majina. Mstari unaofuata unasema baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Katika torati, binti za Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walipewa urithi wa baba yao kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume (Hesabu 27). Ayubu alikuwa na wana saba, na bado akawagawia binti zake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimekaa kwenye vikao vya mirathi katika wilaya hii na kuona dada mwenye jina zuri la Maandiko akiambiwa hana shamba kwa baba yake kwa sababu ameolewa. Baba, ukishampa binti jina la heshima, mpe na sehemu yake.

Sasa niseme jambo zito zaidi. Katika daftari zetu za ubatizo wamo akina Tabu, Shida, Mateso, Majuto, Sikitu. Sitamlaumu hata mama mmoja aliyetoa jina la namna hiyo. Wengine walijifungua msibani, wengine walikuwa wameachwa na mume mimba ikiwa changa, na wengine walifuata desturi iliyoko katika makabila yetu mengi, kwamba mama aliyezika watoto kadhaa humpa anayefuata jina la kuchukiza ili mauti yampite. Huo nao ulikuwa upendo, tena upendo wenye hofu kubwa. Lakini jina hubaki baada ya msiba kuisha. Mama mmoja wa ushirika huu, mwenye wajukuu sasa, ana jina mojawapo la hayo, na sitalitaja. Alizaliwa wiki ambayo baba yake alizikwa. Aliniambia kwamba akiitwa dirishani hospitalini huinuka haraka kabla halijaitwa mara ya pili, ili watu wa benchi wasigeuke kumtazama. Zaidi ya miaka sitini ameinuka hivyo. Akaniuliza kama ni dhambi kulibadili.

Nikamfungulia Mwanzo 35. Raheli, akikata roho kwa uchungu wa uzazi, alimwita mtoto Ben-oni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo alimpenda Raheli kuliko kitu chochote duniani, na neno la mwisho la marehemu ni zito kwetu kama lilivyokuwa kwao. Hata hivyo alilibadili, akamwita mtoto Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Aliona kwamba kaburi la Raheli litabaki pale njiani, na mtoto hana budi kuendelea na safari.

Kisha tukasoma Hosea, ambako habari inamhusu mtoto wa kike. Mke wa nabii anazaa binti, na Bwana anaagiza aitwe Lo-ruhama, yaani asiyehurumiwa. Nakiri mstari huo umenisumbua tangu nikiwa mwanafunzi wa theolojia. Kichanga cha kike kinabebeshwa jina la hukumu ya taifa zima. Ila fungueni ukurasa. Mwanzoni mwa sura ya pili agizo linatoka la kuwaita akina dada Ruhama, waliohurumiwa. Kilichoondoka ni silabi moja tu, ile "Lo" ambayo kwa Kiebrania ni "si". Jina limebaki, kanusho limeng'olewa.

Na Ruhama huyu si mgeni kwetu. Asili ya neno lake ni mzizi uleule ambao Waarabu wanao katika rahma, na kutoka huko ndiko Kiswahili kilikopata rehema. Katika Kiebrania mzizi huohuo ndio unaotaja tumbo la uzazi. Kwa hiyo kila mtoto anayeitwa Rehema, awe wa pwani anayesoma chuoni au wa huku kwetu nyanda za juu anayesoma shule ya Jumapili, anabeba neno ambalo ndani yake mna huruma ya Mungu na mna tumbo la mama, pamoja. Yule mama alilia. Hakubadili jina kwenye vitambulisho, umri umekwenda na karatasi ni nyingi. Lakini wanawake wa jumuiya yake sasa wanamwita Mama Ruhama, na anaitika.

Neno dogo kwa wanaochagua kwa haraka: si kila jina lililomo kwenye Biblia linafaa kwa kuwa tu limo. Baba mmoja alipenda Mara kwa ufupi wake. Mara maana yake ni uchungu, na Naomi alilitaka aitwe nalo alipofiwa na mume na wanawe wawili. Someni habari yote kabla ya kuchukua jina.

Tena msiyapite majina ya lugha zetu mkikimbilia ya mbali. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuta watu wenye majina yenye maana, na wazee wetu walipompokea Kristo waliendelea kusali kwa Kinyakyusa ndani ya majina ya watoto wao. Tusajigwe, tumebarikiwa. Atupele, ametupa. Lugano, upendo. Subilaga, tumaini. Tazameni lile Atupele: jina zima ni kitenzi, na aliyetoa hatajwi. Hakuna haja, kila mtu anamjua. Wachaga wana Aikaruwa, asante Mungu, na Wahaya wana Kemilembe, lenye amani ndani yake.

Narudi Jumanne jioni. Orodha ilikuwa imefika jina la kumi na tisa, na bibi wa mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kusema lolote, akatamka neno moja: "Atuganile." Kijana akainua uso kutoka kwenye simu. Mama wa mtoto akainamia blanketi akaanza kulia. Ndipo nikajua ambacho hakikuwa kwenye orodha: mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii, na bibi ndiye aliyekuwa akilala na binti yake hospitalini mara zote mbili. Atuganile maana yake ametupenda. Bibi akalirudia kwa Kiswahili, polepole, akimwangalia mjukuu. Hatukuendelea na jina la ishirini.

Jana walinipigia simu. Mtoto anaitwa Ruhama Atuganile. Watoto wa jina hilo wawepo wengine au wasiwepo, baba yake hakuuliza tena. Nimemwomba aandike sababu ya jina kwa mkono wake, mistari miwili au mitatu, ndani ya jalada la Biblia ya nyumbani, na aweke tarehe. Nimemwomba pia jina lifanane herufi kwa herufi kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ubatizo, na asiache siku 90 zipite kabla ya kumwandikisha RITA. Nimeona wasichana wakikwama kwenye maombi ya chuo kwa herufi moja iliyozidi.

Ubatizo wa watoto ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, ibada ya kwanza. Wazazi na wadhamini tutakutana Jumamosi yake saa nne asubuhi ukumbini. Nawaomba mje na jina mlilochagua, mje na habari yake, na kama bibi yupo hai, mje naye.