Nani Alipe Deni la Chui Milia?

Kwetu Kongo tunamjua chui na simba. Chui milia hatumjui. Yeye ni mnyama wa Asia. Watu walikata misitu yake, wakamaliza mawindo yake, wakauza ngozi na mifupa yake. Mwaka 2010 porini walibaki 3,200 hivi. Mwaka ule nchi 13 zilikutana Urusi, zikaahidi kuongeza hesabu hiyo mara mbili ifikapo 2022.

Nchi ya Nepal ilitimiza neno lake: mwaka 2009 walikuwa 121, mwaka 2022 wakawa 355. Tunafurahi. Lakini kando ya msitu wa Bardia mama hukata majani ya ng'ombe kwa hofu, na wengine hawakurudi nyumbani. Je, ni haki maskini amlinde mnyama anayeweza kumwua?

Wengine hujibu: mtu ni zaidi ya mnyama, basi mnyama aishe. Neno la kwanza ni kweli. La pili halilifuati. Baba ni mkubwa nyumbani, wala hana ruhusa ya kuuza urithi wa watoto. Wengine humsifu mnyama, humsahau jirani yake. Hao nao wamekosa, maana mzigo wa wote hauwekwi juu ya kichwa cha mmoja. Anayefurahi mbali na alipe sehemu yake: fidia kwa waliofiwa, na moto wa kupikia usiotaka kuni za msituni.

Tukimlinda chui milia kwa machozi ya mjane, hatujaokoa. Tumehamisha mauti tu.